Kitambaa Chekundu cha Usukani

Waliokuwapo ni hawa: Bibi, aliyekalia kiti cha nyuma cha basi dogo, Shangazi, bintiye Bibi, aliyekataa kukaa, Baba Mdogo, kitinda mimba wa Bibi, mwenye mafuta meusi hadi viwikoni, Afisa wa Ustawi wa Jamii, kijana aliyepakata mkoba kama mtu apakataye mtoto wa wenyewe, Mama Breki, mwenye gereji, na binti yake wa pekee, Cheche, mwenye miaka kumi na sita, ambaye ndiye aliyekuwa shauri lenyewe. Hakuwapo Kasuku, bintiye Shangazi, kwa kuwa alikuwa hospitalini, paja lake la kulia limetiwa vyuma. Wala hakuwapo baba yake Cheche, aliyefariki mtoto akiwa bado anatambaa, ingawa asubuhi ile marehemu alitajwa kuliko wengi waliokuwa hai.

Chumba kilikuwa nyuma ya gereji, na viti vyake vyote vilikuwa vimetolewa kwenye magari yaliyokwisha kuchakaa. Mikanda ya usalama ilikuwa bado imening'inia ubavuni mwa kila kiti. Cheche alikuwa akiuchomeka ulimi wa mkanda katika kifungo chake, kisha akiufyatua, kisha akiuchomeka tena. Ta. Ta. Ta. Mama Breki aliusikia mlio huo kama mtu anayesikia jino lake mwenyewe likimuuma.

"Mimi sikuja kuhukumu," Afisa alisema. "Nimekuja kupata kauli ya mzazi. Mama akitamka mbele yangu kwamba mtoto huyu amemshinda, namchukua leo hii, na atakaa katika kituo cha marekebisho hadi atimize umri wa utu uzima. Asipotamka, shauri litakwenda mahakama ya watoto, na huko mama ataulizwa atafanya nini ambacho hajakifanya. Jibu la 'nitamwonya' huwa halipokelewi."

"Ameshaonywa mpaka onyo limechoka," alisema Shangazi.

 Mama Breki alitazama mikono yake. Neno lenyewe alikwisha kuliandaa. Alilala nalo, akaamka nalo, akalipitisha kinywani alipokuwa akipiga mswaki, akaona kwamba linatamkika: amenishinda. Hakuwa amechoka kumpenda mtoto. Alikuwa amechoka kungoja simu. Mwaka jana simu ilisema Cheche ameruka kutoka juu ya paa la vyoo vya shule kwa sababu wenzake walimwambia hawezi. Mwaka huu ilisema amemrushia mwenzake kigoda. Kila mara alilia baadaye kilio cha kweli, akaomba radhi kwa aliyemkosea kabla hajaambiwa, na kila mara mama mtu akajua kwamba simu nyingine iko njiani. Kituoni kulikuwa na ukuta na walinzi, na huenda mtoto angefikisha miaka kumi na minane akiwa hai. Kwa Mama Breki, asubuhi ile, hilo lilikuwa limeanza kufanana na rehema.

Jambo lililowakusanya lilikuwa hili. Gereji ile ilikuwa ya breki peke yake, nayo ilikuwa na kanuni mbili zisizobishaniwa. Ya kwanza: gari likifunguliwa breki, kitambaa chekundu hufungwa kwenye usukani, na hakiondoi mtu ila yule aliyekifunga. Ya pili: breki zikiisha kutengenezwa, fundi aliyezifunga hupanda gari yeye kwanza, akateremka nalo kilimani na kurudi, kabla mwenye gari hajakabidhiwa ufunguo. Mama Breki alizikuta kanuni hizo kwa mumewe, akazishika kuliko mumewe alivyozishika.

Siku ya balaa alikuwa amefungua breki za gari la mizigo la mteja, akatoa mabomba yote, akafunga kitambaa, akaenda dukani kutafuta vipuri. Cheche na Kasuku walikuwa mlangoni. Ng'ambo ya barabara, vijana wa kuziba pancha walikuwa wakipiga soga. Mmoja akapaza sauti kwamba watoto wa fundi breki wanajua kushika spana tu, kuendesha ni kwa wenye roho. Maneno hayakuzidi hayo. Mama Breki alirudi akakuta gari limo ndani ya ukuta wa karakana ya useremala chini ya kilima, mbao zimetapakaa kama njiti, Cheche, aliyekuwa ameshika usukani, amesimama barabarani bila mkwaruzo, na Kasuku amebanwa upande wa abiria, hawezi kutolewa.

Mtaa haukukawia kupata la kusema. Mganga hajigangi, walisema. Fundi breki naye kazaa gari lisilo na breki. Lilikuwa neno la kuchekesha. Siku nyingine angelicheka hata yeye.

"Wifi," Shangazi alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko Mama Breki alivyoitarajia, "daktari wa mifupa ameniambia huenda mguu ukawa mfupi. Huenda. Mwanangu ananiuliza kama atacheza mpira wa mikono, mimi namwambia kula uji. Sikuja hapa kwa chuki. Lakini tuache kudanganyana. Damu ile tunaijua. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

"Basi nyoka wa kwanza ni mimi niliyemzaa baba yake," Bibi alisema. "Na wewe nilikuzaa tumbo hilohilo. Umetambaa vizuri hadi hapo uliposimama."

"Mama, sina utani leo."

"Wala mimi sina."

Shangazi alikuwa ameshika kikombe cha chai. Hakuna aliyeona alivyokiacha. Walichoona ni kikombe ukutani, na chai ikichuruzika juu ya kalenda. Afisa akauinua mkoba wake kidogo. Baba Mdogo akainama, akaanza kuokota vigae kimoja kimoja, na alipokuwa huko chini akasema, kana kwamba anauambia mguu wa kiti, "Kikombe hicho amekirusha Cheche, nadhani."

Shangazi alijifunika uso kwa viganja. Mabega yake yakatikisika, na haikujulikana kama ni kilio au kicheko.

Mama Breki hakuwa mjinga wa mambo ya damu. Wiki iliyopita, akitoka wodini kwa Kasuku, alikuwa amebisha hodi kwa daktari wa vijana katika hospitali ileile. Alimweleza yote: babu wa mumewe aliyeuza paa la nyumba akiwa bado analala chini yake, baba mkwe aliyempiga msimamizi kofi siku ya kwanza ya kazi, mumewe aliyeruka katika mto uliofurika kwa kuwa mtu alimwambia hathubutu, na sasa huyu. Akaomba binti yake apimwe damu.

"Upate kujua nini?" daktari aliuliza. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Kama anayo."

Daktari alitua kalamu. Alisema kurithi kupo, na anayekana hajakaa na familia. Tabia ya mkono kutangulia akili huonekana kufuata ukoo. Lakini hairithiwi kama rangi ya macho. Ni vitu vidogo vingi mno, kila kimoja kikisukuma kidogo, kimoja huku na kingine kule, na juu yake mtu anaongeza nyumba aliyokulia, usingizi, marafiki, na yale anayosifiwa. Kisha kuna umri wenyewe: ile sehemu ya ubongo inayosema ngoja huchelewa kukomaa kwa vijana wote, nayo ile inayosema twende hukomaa mapema. Kwa wengine pengo baina ya hizo mbili ni pana zaidi.

"Kwa hiyo kipimo?"

"Hakuna kipimo kitakachoniambia binti yako atakuwa nani, mama. Ningekuwa nacho ningeanza na wanangu."

"Na dawa?"

"Kuna mambo ya kumsaidia, mengine ya hapa kwangu, mengine ya nyumbani. Ni ya kila siku. Yanachosha, na siwezi kukuahidi."

Alitoka pale akiwa na huzuni zaidi kuliko alivyoingia. Angepewa jibu baya angelibeba akaenda nalo. Alipewa kazi isiyo na mwisho wala dhamana, na yeye alikuwa mtu wa kazi zenye mwisho: pedali ama inashika ama haishiki.

Sasa Bibi alikuwa akijifuta midomo kwa ncha ya kanga, ingawa hakuwa amekunywa chochote.

"Niseme jambo," alisema. "Hii damu mnayoitaja, wewe binti yangu unayo, na kalenda ile ni shahidi. Lakini wewe umekaa ofisini miaka mingi na hujampiga mtu kofi. Kwa nini? Kwa sababu ulikuwa msichana, nikakukalisha. Kila ulipowaka nilikukalisha mbele yangu hadi upoe, na kazi zangu zikalala. Kaka yako alipowaka tulicheka. Tulisema ni babu yake mtupu. Alivunja dirisha la jirani, baba yenu akamnunulia soda."

"Naikumbuka ile soda," Baba Mdogo alisema. "Hatukupewa."

"Mlipewa pongezi za kumshangilia. Kisha akafa mtoni, na mtu wa kwanza kuja matangani alisema, yule alikuwa shujaa. Nami nikafurahi kusikia."

Mlio wa mkanda haukukoma. Ta. Ta.

"Lakini Cheche ni msichana," Afisa alisema. Alikuwa wa kwanza kuuliza kilichotakiwa kuulizwa. "Mbona yeye hakukalishwa?"

Bibi alimtazama mjukuu wake. "Kwa sababu alipoanza kutembea alitembea kama marehemu. Akikasirika anakunja uso ule. Sisi tulikuwa tumezika mtu. Tulipomwona amerudi, nani angemwambia aache? Paa lile la vyoo, mwanangu, tumelisimulia sikukuu nzima. Mimi ndiye niliyeomba lisimuliwe tena."

Mama Breki alikumbuka. Alikuwapo, amebeba sinia la vikombe. Hakucheka, lakini alisimama kusikiliza, kwa kuwa ilikuwa kama kumsikia mumewe akitajwa kwa furaha, na furaha ya namna hiyo haikuwa ikipita mara kwa mara mlangoni kwake. Ndipo likamkaa moyoni jambo ambalo daktari alilisema upesi mno kati ya mengine: yale anayosifiwa. Halikumfariji. Lilimwongezea mzigo, kwa kuwa damu haina mtu wa kuilaumu, lakini vicheko vina wenyewe, nao walikuwamo wote chumbani mle.

"Hayo yamepita," Shangazi alisema. "Maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nauliza la leo. Wifi, tamka tusikie. Umemweza au hukumweza?"

Mama Breki akafungua kinywa. Neno lilikuwa tayari ulimini.

"Subiri, shemeji." Baba Mdogo alikuwa amesimama, vigae vya kikombe mkononi. Hakumtazama mtu. "Kabla hujatamka, iko njia nyingine. Polisi walipekua gari lile. Hawakuona kitambaa chekundu. Hakipo garini, hakipo barabarani. Sasa mimi nasema hivi: huenda siku ile hakikufungwa. Fundi ni binadamu, anasahau. Kama hakikufungwa, mtoto alijuaje kwamba breki zimefunguliwa? Alichofanya ni utundu wa kuchukua gari. Kosa kubwa linakuwa la gereji, na gereji ni sisi. Nitakwenda kusema hivyo mimi mwenyewe."

 Afisa alitazama dirishani, kwa adabu, kama mtu aliyeingia chumbani akakuta wenyewe wanavaa.

Mama Breki alijua alikifunga. Alikumbuka hata fundo. Lakini tumaini lilimrukia kifuani bila kuomba ruhusa, na akaona jinsi ingekuwa rahisi: angeitwa mzembe, angefungiwa gereji kwa muda, wateja wangemkimbia, na mtoto angerudi shule. Angekubali. Ndiyo, angekubali, na alikuwa anageuza shingo kumwitikia shemeji yake.

Kisha akatambua kwamba mlio wa mkanda umekoma.

Cheche alikuwa ameshika kile kifungo bila kukifyatua. Huyu alikuwa mtoto ambaye majibu yake yalitangulia maswali. Mtu hakuwahi kumaliza sentensi mbele yake. Sasa alikuwa amekaa. Macho yake yalimwendea Baba Mdogo, yakaenda kwa Shangazi, yakashuka sakafuni. Midomo ilifunguka, ikafumbika.  Na Mama Breki, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amekanyaga pedali za magari ya watu akisikilizia kwa unyayo ni wapi breki itaanza kushika, alikaa akimsikilizia mwanawe vivyo hivyo. Pedali mbovu hushuka hadi chini kabisa bila kugusa kitu. Hii ilikuwa inashuka, inashuka. Kisha ikagusa.

Cheche aliingiza mkono katika mfuko wa sketi ya shule, akatoa kitambaa chekundu, kimekunjwa vizuri, akakiweka juu ya goti.

"Kilikuwa kimefungwa," alisema. "Mama alikifunga. Nilikifungua mimi, nikakitia mfukoni ili Kasuku asikione. Kasuku hakujua, Shangazi. Aliniuliza kama gari ni zima, nikamwambia ni zima."

Shangazi alikaa. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa siku ile, juu ya kiti cha dereva kisicho na gari.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua. Nilijua nilipokifungua, nilijua nilipowasha. Kujua kulikuwapo, lakini kulikuwa nyuma, mkono uko mbele. Sijui namna ya kueleza. Yule kijana aliposema vile nikasikia joto, na lile joto likipoa ndipo napata akili, na likipoa huwa nimeshafanya." Alipumua. "Sisemi ili mnihurumie. Baba Mdogo akisema hakikufungwa, mama ataitwa mzembe. Mama si mzembe."

"Na kwa nini hukukitoa siku zote hizi?" Afisa aliuliza.

"Niliogopa. Na leo nimeogopa. Nilitaka kunyamaza. Nilikaribia."

Bibi alikuwa akilia bila sauti, machozi yakifuata mikunjo ya uso kama maji yanayoijua njia. Baba Mdogo aliweka vigae mezani kimoja kimoja, kwa uangalifu usio wa lazima. Shangazi alisema, hakumwambia mtu, "Alimwuliza kama ni zima," akarudia tena.

Mama Breki aliinuka.  Hakuwa na furaha. Mtu asidhani kwamba alikuwa na furaha. Kilichokuwa mbele yake kilikuwa kibaya kuliko kile alichoingia nacho asubuhi, kwa kuwa sasa hapakuwa na uongo wa kujificha wala usahaulifu wa kusingizia. Binti yake alikuwa amejua, akadanganya, na mwenzake amelala hospitalini. Na bado, katika maisha yote ya mtoto yule, hakuwahi kumwona akingoja. Leo alikuwa amengoja, muda wa pumzi chache, huku mlango wa kutokea umefunguliwa na mtu mzima. Halikuwa jambo la kumwonyesha hakimu. Gari lenye breki za namna hiyo asingempa mteja. Lakini asingelipeleka kwa wakata vyuma pia.

Akakichukua kile kitambaa gotini mwa mwanawe.

"Nisikilizeni, nitasema mara moja," alisema, na aliposema aliwatazama mmoja mmoja. "Afisa, neno ulilolifuata sitalitamka. Andika kwamba mama amekataa. Andika pia kwamba kitambaa kilikuwapo, na kwamba kitakuwa mikononi mwa polisi kabla ya saa sita. Tutakipeleka mimi naye, kwa miguu. Wakimfunga, wamfunge kwa alilofanya, si kwa sababu mama yake amemtupa. Shemeji, nakushukuru, ila usiseme uongo ule popote. Gereji ni yako kuanzia leo, ufunguo huo hapo msumarini. Mimi sitashika spana hadi hapo nitakapokwambia. Nitaulizwa mahakamani nitafanya nini ambacho sijakifanya. Nitakaa. Mtoto huyu akiamka nipo, akienda shule namsindikiza hadi langoni, akitoka ananikuta. Kila wiki tutakuwa kwa daktari, na akiwaka, kama Bibi alivyofanya kwa binti yake, nitamkalisha hadi apoe, na kazi zilale. Bibi, hadithi za paa na za mto hazitasimuliwa tena nyumbani humu kwa kicheko. Anayetaka kumkumbuka marehemu, anikute, tutalia wote."

Akamgeukia Shangazi.

"Wifi, sikuombi msamaha leo, sina pa kuuanzia. Jioni tutakuja wodini. Atamwambia Kasuku kwa mdomo wake mwenyewe alilolificha. Ukitufungia mlango, tutakaa nje ya mlango, na kesho tutakuja tena. Kama kuna kubeba, kufua au kuokota, ni yeye, hadi mtoto wako asimame, na akisimama vibaya, basi kwa muda wote atakaosimama vibaya."

 Shangazi hakukataa, wala hakuinua macho.

"Huniamini," Mama Breki alisema. "Hata mimi sijiamini. Lakini kanuni ya hapa mnaijua. Aliyefunga breki hupanda yeye kwanza. Huyu breki zake nimezifunga mimi, tena nimezifunga vibaya, na kilima kiko palepale. Ninapanda naye. Likigonga ukuta, mtatukuta wote wawili ndani."